Siku Niliyomsema Bibi

Waswahili husema tembea uone. Jumamosi ile mimi sikutaka kuona kitu, nilitaka kulala. Nilikuwa nimetoka kukesha na mgonjwa mwingine upande wa Silver Spring, nikapitia nyumbani Hyattsville kuoga na kuswali, nikanywa chai nikiwa nimesimama kwa sababu nilijua nikikaa siinuki. Kisha nikapanda basi kwenda College Park kwa Bibi. Miguu ilikuwa imevimba, na viatu nilivaa kwa kulazimisha.

Bibi hakuwa bibi yangu. Alikuwa mzee wa Kiingereza niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake, mwaka wa tatu huo. Siku ya kwanza nilimwita madamu, akaudhika, akasema yeye si mwalimu mkuu. Nikamwita Bibi, kama ninavyomwita kila mwanamke wa umri ule. Akauliza maana yake, akalirudia mara mbili tatu, akasema hilo litafaa. Alizaliwa katika kijiji cha wafuga kondoo huko Uingereza, akaolewa na Mmarekani akiwa msichana, akaja naye huku, akafanya kazi ya maktaba mpaka akastaafu. Mume alikwisha kufa. Mtoto walijaliwa mmoja tu, binti, naye alikuwa akiishi ng'ambo ya pili ya nchi, mwendo wa saa sita kwa ndege.

Binti huyo ndiye aliyetupangia safari. Alikodi gari na dereva kwa siku nzima, sisi peke yetu, tuzunguke vijiji vya zamani vya Virginia. Vijiji hivyo vilijengwa na watu waliotoka Uingereza, na mpaka leo vina nyumba za mawe, kuta za mawe, makanisa ya mawe na farasi wengi kuliko watu. Mama yake hangeweza tena kupanda ndege kwenda kwao, daktari alikataa. Basi aone cha kufanana nako. Hiyo ndiyo sababu aliyomwambia mama yake. Mimi aliniambia nyingine.

Alinipigia Alhamisi, akasema amekwisha kuweka chumba katika nyumba moja ya kutunzia wazee, nyumba nzuri, yenye bustani. Lakini hakutaka kumng'oa mama yake nyumbani kwake kama bado anajiweza. Akasema safari hii iwe kipimo. Bibi akiweza kukaa siku nzima nje, mahali asipopazoea, bila matata, jambo hilo litaahirishwa mpaka mwakani. Akishindwa, atahamia chumba kile kabla ya baridi kuingia. Jioni atapiga simu, na mimi nitamwambia ukweli. Aliniamini, alisema, kuliko daktari.

Bibi naye alijua. Watu hudhani wazee hawasikii kinachosemwa jikoni. Nilipomfungia vifungo asubuhi ile, kwa sababu alikuwa amevifunga vikapishana, alinishika mkono akasema, "Nataka kufia katika nyumba hii." Nikamwambia hakuna anayekufa leo, tuna safari. Akacheka, kisha akaniuliza safari ya wapi, na hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mtu ataniona mwongo tu. Kwetu Mombasa tumelelewa juu ya sitara. Ukiiona aibu ya mwenzio, uifunike, na Mungu ataifunika yako. Mama yangu alikuwa akimwona jirani amevaa nguo kinyume, humvuta pembeni na kumgeuzia, kisha hurudi barazani akaendelea na hadithi palepale alipoiachia. Mimi kwa Bibi nilifanya vivyo hivyo. Alipoacha jiko likiwaka mpaka sufuria ikaungua, nilimwambia binti yake sufuria imechakaa. Alipotoka nje na gauni la kulalia akakutwa na mpeleka barua, nilisema alitoka kuangalia maua. Simu ikilia, nilikuwa na majibu yangu matatu: ameshakula, ameshapumzika, hana neno. Sikuyaita uongo. Niliyaita adabu, na nilijiona mtu mwema.

Dereva alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Aliposikia Kiswahili changu alifurahi hata akatoka garini kunifungulia mlango. Tukavuka mto, tukaiacha ile barabara kuu ya kuuzunguka mji, na polepole maduka yakaisha, yakaanza malisho. Miti ilikuwa imegeuka rangi. Mimi nilisinzia, nikaamka, nikasinzia. Kila nilipofumbua macho kulikuwa na ukuta mwingine wa mawe na farasi mwingine aliyevalishwa koti. Nilijiuliza ni watu gani hawa wanaomvalisha farasi koti.

Kijiji cha kwanza kilikuwa na barabara moja inayoteremka mpaka kwenye kinu cha zamani cha kusagia nafaka. Nyumba kongwe za mawe ndimo nilimozaliwa mimi, huko Mji wa Kale wa Mombasa, na siku zote kilio chetu kilikuwa lini tutajengewa mpya. Lakini Bibi alishuka garini, akasimama, akavuta pumzi, na mgongo wake ukanyooka. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa shamba, akaupapasa. Ulikuwa umejengwa bila saruji wala chokaa, mawe matupu. Akatueleza, mimi na dereva, kwamba baba yake alikuwa fundi wa kuta kama hizo. Jiwe moja hukaa juu ya mawili, na mawili juu ya moja, na ukishaliokota jiwe hulirudishi chini. Utalitafutia mahali pake mpaka upapate. Alisema bila kukwama hata neno moja. Dereva alisikiliza kwa heshima kabisa. Mimi niliegemea gari, nikasema moyoni tumefaulu. Uchovu wangu wote ulipungua kidogo.

Kijiji cha pili ndicho kilichokuwa na chakula, katika nyumba ya wageni yenye dari ya chini na moto sebuleni. Tulipewa meza karibu na dirisha. Bibi aliishika orodha ya vyakula, akaitazama kwa muda mrefu, na nikaona macho yake hayasogei. Mhudumu akaja. Nikasema, "Bibi anapenda supu," kabla hajaulizwa. Chai ikaja, akaitia chumvi vijiko viwili, akakoroga. Nikakibadilisha kikombe chake na changu huku nikimwonyesha ndege nje ya dirisha. Ile chai ya chumvi niliinywa yote, maana kuiacha kungezua maswali. Mhudumu akauliza kama ni mama na mwana tunaotembea. Bibi akajibu kwamba mimi ni dada yake. Mhudumu alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatabasamu. Nami nikatabasamu, nikasema ndiyo, mdogo wake.

Ilipofika wakati wa kuondoka, Bibi hakutaka kusimama. Akanitazama kwa macho ya mtoto aliyekosa, nami nikaelewa. Mwanamke wa pwani hatoki nyumbani bila leso ya kujifunga mkobani. Niliitoa yangu, nikamzungushia kiunoni pale pale alipoketi, nikamwinua, nikaifunga vizuri, nikakifuta kiti kilicholowa kwa kitambaa cha mezani, kitambaa nikakikunja ndani kwa ndani. Tukatoka tukiwa tumeshikana mikono. Garini nilimtandikia mfuko wa plastiki chini.

Dereva akauliza kwa upole, "Mama, ule muzee iko na baridi? Niweke chauffage?"

Nikamwambia aweke, Bibi ana baridi kidogo. Na dereva naye, nadhani alijua. Aliweka joto na hakuuliza tena.

Kabla hatujaondoka nikamwandikia binti ujumbe, maana alikuwa ameuliza mara mbili. Ameshakula, nikaandika. Amefurahi sana. Hana neno.

Kituo cha tatu kilikuwa kanisa dogo la mawe juu ya kilima, na makaburi yameshuka upande mmoja mpaka kwenye mti mkubwa. Nilitaka tulitazame kutoka garini na kwenda zetu. Bibi akafungua mlango mwenyewe. Alitembea upesi, leso yangu ikimpepea miguuni, akaingia kati ya makaburi, akaanza kusoma majina. Mwanzo nilidhani ni kutalii. Akasoma safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na pumzi yake ikawa fupi. Nikamfikia, nikamuuliza anatafuta nini.

"Mama yangu," akasema. "Alikuwa hapa. Wamemhamishia wapi?"

Mama yake alizikwa Uingereza, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Hilo alinieleza mwenyewe zamani. Nilimwambia labda twende garini, tutauliza. Akanisukuma mkono. Akaanza kulia, kulia kwa sauti, na watu wawili waliokuwa wakitembea na mbwa barabarani wakasimama. Mimi nilikuwa sijalala tangu juzi. Miguu iliuma, mwili wote uliuma, na nilichotaka ni kile kilio kinyamaze na wale watu waondoke. Nikaliona jiwe moja lililoliwa na mvua, maandishi yake hayaonekani vizuri. Nikamwambia, "Huyu hapa, Bibi. Mama huyu hapa."

Akapiga magoti. Akaondoa majani kwa mikono, akalisugua jiwe kwa kiganja, akasema maneno ambayo sikuyasikiliza kwa sababu hayakuwa yangu kusikia. Watu wa mbwa wakaenda zao. Nilisimama nyuma yake, nikaona haya kusimama bure mbele ya kaburi, nikasoma Fatiha, na Mungu ndiye ajuaye nilimsomea nani. Nilijipongeza kwa akili yangu.

Kisha Bibi akaliinamia jiwe zaidi. Kusugua kwake kulikuwa kumeyafichua maandishi. Akapitisha kidole juu ya herufi, moja moja. Aliponigeukia, uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mkutubi aliyeletewa kitabu kisicho chake.

"Huyu ni mwanamume," akasema.

Nikaliinamia jiwe na mimi, nikalisoma lile jina.

"Mama yangu yuko Uingereza, sivyo?"

Nikamwambia ndiyo, Bibi.

Alitazama leso kiunoni mwake, akaishika pindo, na nikaona anaelewa yote, ya hapo na ya kule mezani. Akaniuliza kama nitamwambia binti yake. Nikamwambia siri yake ni yangu. Akasema ahsante, kwa sauti ndogo, na nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyozoea.

Alilala kabla hatujafika barabara kuu. Dereva alisimama kituo cha mafuta, akaenda kujinunulia kahawa, nikabaki nimekaa kiti cha nyuma na kichwa cha Bibi begani. Nikatoa simu nijishughulishe nisisinzie. Kulikuwa na ujumbe wa mdogo wangu kutoka Mombasa. Yeye ndiye anayekaa na mama yetu. Alikuwa ameandika: Mama hajambo. Ashakula, ashaoga, ashalala. Chini yake, kwenye orodha ile ile, kulikuwa na ujumbe wangu kwa binti wa Bibi.

Niliisoma miwili hiyo mara kadhaa. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilizungumza na mama yangu mwenyewe. Kila nikipiga ameshalala, au yuko msalani, au sauti imemkauka. Ikipita video, huniona, hucheka, halafu simu hukatika, na mdogo wangu hulaumu mtandao. Mimi ndiye mwenye kazi hii. Ningeyasikia maneno hayo kwa mtu mwingine ningejua maana yake siku ileile.

Nikampigia. Huko ulikuwa usiku tayari, nilisikia sahani zikioshwa. Sikumsalimu hata. Nikamwambia, "Nambie kweli. Mama anijua?"

Sahani zikanyamaza. Akasema, "Dada, safari hiyo ya leo yaendaje?" Nikamrudishia swali langu.

"Hakujui," akasema. "Yapata mwaka sasa."

Nilimuuliza mbona hakuniambia. Nilitaka kupaza sauti lakini Bibi alikuwa amelala begani. Mdogo wangu akaanza kulia, akasema ningefanya nini na niko huko, makaratasi yangu hayajesha, nikitoka sirudi. Akasema walikaa yeye na shangazi wakashauriana. Nikamwambia mama si wa kuonewa haya, maradhi ni maradhi, kwa nini wamsitiri kwangu mimi mwanawe.

"Si yeye tuliyekuwa twamsitiri," akasema. "Yeye hajijui. Ni weye."

Dereva akarudi na kahawa mbili, moja yangu. Nikakata simu. Njia nzima hakuniuliza kitu, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kahawa. Mwaka mzima mama yangu alikuwa akiniaga, na mimi nilikuwa nikiambiwa ameshalala. Sikuweza kumkasirikia mdogo wangu, ningeanza wapi? Kila alichonifanyia, na mimi nimemfanyia mtoto wa mtu.

Tulifika College Park jua likishuka. Nilimwogesha Bibi, nikambadilisha nguo, nikamchana nywele, nikamketisha kwenye kiti chake cha dirishani. Alikuwa na furaha. Aliniuliza kama tulikuwa tumetoka, nikamwambia ndiyo, tulikwenda kuona kuta za mawe, naye akanieleza upya habari za baba yake. Simu ikalia. Uso wa binti ukatokea, amekaa jikoni kwake, amekunja mikono mezani. Aliniuliza imekuwaje.

Yale majibu matatu yalikuwa tayari ulimini. Bibi alinitazama. Sijui kama alikumbuka makaburini. Nadhani alikumbuka kwamba kuna kitu nimeahidi, bila kukumbuka ni kitu gani.

Nikamwambia binti kila kitu. Chumvi, orodha ya chakula, kiti, kaburi, na kwamba nilimdanganya mama yake juu ya kaburi. Kisha nikarudi nyuma, nikamwambia ya jiko, ya sufuria, ya mpeleka barua. Nilisema kwa kufuatana, bila kupumzika, kwa sababu ningepumzika ningeacha. Nikamwomba radhi. Nikamwambia, "Mama yako bado anakujua. Usingoje mwakani. Njoo sasa, akujue ukiwa umekaa naye." Binti alifunika uso kwa mikono. Alipoufunua alisema atatafuta ndege, na chumba atakithibitisha Jumatatu. Hakunilaumu. Nadhani alikuwa amechoka kama mimi, kwa namna yake.

Nilipoiweka simu chini, Bibi alikuwa bado ananitazama.

"Watu wote hunisema mbele yangu," akasema. "Daktari, majirani, yeye. Hunisema kama vile nimetoka chumbani. Wewe hukuwahi."

Nikamwambia nisamehe, Bibi.

"Kumbe na wewe," akasema, akageukia dirisha.

Nilipiga magoti kumvua viatu vya ndani, maana miguu yake nayo ilikuwa imevimba. Alinyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, bila kunitazama. Nilipomaliza akaniuliza kama kesho nitakuja. Nikasema nitakuja. "Basi itabidi uniambie tena," akasema. "Nitakuwa nimesahau."

Na kweli alisahau. Binti alikuja baada ya siku nne, na kuhama kulichukua wiki mbili. Kila asubuhi katika siku hizo Bibi aliamka, akaona masanduku ya vitabu sebuleni, akauliza yanakwenda wapi. Nilimweleza. Akaniuliza ni nani aliyesema kwamba hajiwezi. Binti yake, aliyekuwa akilala chumba cha pili, aliniambia nimtaje daktari, hakuna atakayejua, na kesho ameshasahau. Alinihurumia. Asubuhi moja nilikaribia kabisa kufanya hivyo. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na sikuwa na nguvu ya kuchukiwa.

"Nani aliyesema?" Bibi akauliza, amekaa kitandani, nimeshika soksi zake mkononi.

"Ni mimi, Bibi," nikamwambia, na akanitazama kama ndiyo mara ya kwanza.